Simu Zote Sufuriani

Jumapili. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, nguo zangu ziko kambani na sina hamu ya kwenda kuzianua. Zilowe tu. Nimekasirika tangu juzi, na leo nimechoka hata kukasirika vizuri.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni Mwarabu wa Mombasa, naishi Granville, na kazi yangu ni kutangaza katika kituo kidogo cha televisheni cha jamii hapa Sydney, kwa Kiarabu na Kiingereza. Waarabu wa hapa hupiga simu kituoni kuuliza yule mwanamke Kiarabu chake kakitoa wapi, mbona kina nazi. Waafrika wenzangu wananiita "yule Mwarabu wa TV". Nimeshazoea. Ukikaa mbele ya kamera kila mtu anajiona ana fungu lake kwako.

Lakini nywele zangu sikumgawia mtu.

Wiki iliyopita Mama Aisha alimwoza binti yake. Mama Aisha ni mtu wa Tanga, muuguzi katika hospitali ya Westmead, na ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu nikiwa sijui hata treni inapandwa upande gani. Siku ya kupamba tulikodi ukumbi. Kupamba kwetu ni kwa wanawake peke yao: bibi harusi huketishwa juu na dhahabu yake na asumini yake, nasi tunavua mabuibui na mitandio, kila mmoja na gauni lake, tunacheza mpaka nyayo ziwake moto. Madirisha tuliyaziba kwa leso. Msimamizi wa ukumbi, maskini, tulimwomba akakae garini mwake. Na mlangoni tukaweka sufuria kubwa ya pilau, kila anayeingia anatia simu yake humo.

Nilicheza. Nilifunga leso kiunoni nikacheza chakacha kama nilivyokuwa nikicheza nyumbani, mvi zangu nje, kwa sababu mle ndani sikuwa mtangazaji wa mtu. Mahali pa namna hiyo pamenibakia pachache sana.

Simu moja haikuingia sufuriani.

Ilikuwa ya Mama Aisha mwenyewe, mlinzi wa sufuria. Mama yake mzazi yuko Tanga, hawezi kutoka kitandani, na alitaka amwone mjukuu wake akipambwa. Basi Mama Aisha akampigia kwa video, akainua simu juu. Nani angemlaumu? Bibi ni mwanamke, tena mgonjwa. Ila aliyemshikia bibi simu huko Tanga alikuwa wifi yake Mama Aisha, naye alirekodi ninavyocheza akaweka kwenye status: "Mtangazaji wetu wa Australia, mashallah!" Na vimoyo juu yake. Alifanya kwa fahari, si kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hata adui wa kumtukana sina.

Ijumaa video ikawa imesharudi Sydney. Binti yangu Amal ndiye aliyenionyesha. Nilipiga ukelele. "Mum, relax, it's not even a minute," akasema. "And you look good." Akaendelea kula chipsi zake.

Kisha akaja Greg, mkuu wetu wa vipindi. Miaka mingi nimesoma hali ya hewa na kutangaza nyakati za kufuturu, nikisubiri kipindi cha mahojiano cha jioni, changu mwenyewe. Kinaanza mwezi ujao. Greg akaniita ofisini, macho yanamng'aa: tukifungue kipindi kwa video ile. Watu waione, kisha niielezee. Eti watajua kumbe mimi ni mtu wa kawaida. Kwani siku zote hizi nilikuwa nini, kabati?

Nikamwambia ile ilikuwa shughuli ya wanawake, ya faragha. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba imeshasambaa, bora niiseme mwenyewe kabla wengine hawajaisema, na kwamba kipindi kile kinahitaji mtangazaji aliye muwazi. Anataka jibu kabla ya kikao cha kesho. Hakusema kwamba nikikataa kipindi atapewa mwingine. Hakuwa na haja ya kusema.

Nakiri nilishawishika. Jana kutwa niliandika maneno ya kusema mbele ya kamera, na niliyaandika vizuri, ndiyo kazi yangu. Nilipoyasoma kwa sauti nikajiona namkaribisha Greg na mji mzima ndani ya ukumbi ule, na wenzangu wote wanaocheza nyuma yangu kwenye video hakuna aliyewauliza. Niliyafuta. Nikajilaumu kwa kuyafuta.

Leo baada ya alasiri Mama Aisha akaja, sinia ya mkate wa mchele mkononi, mwavuli kwapani. Nikasema moyoni, haya, amekuja kuomba radhi. Wapi! Hata kuketi hajaketi: "Mwanangu, Tanga nzima wakutaja wewe! Mama asema kumbe mtoto wa TV ana mvi kama sisi. Amefurahi mpaka amekula." Tena akataka niwe mshereheshaji wa posa ya binti yake wa pili.

Nikalipuka. Sijawahi kumpandishia sauti mwanamke huyu, na leo nilimpandishia mpaka Amal akachungulia mlangoni. Mama Aisha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, na niliona kweli hajui: "Lakini mwanangu, si kila siku watu wakuona?"

"Wananiona nilivyojivika, Mama Aisha. Ile sikuwapa."

Akatoa simu akampigia wifi yake, na alivyomshukia, mimi mwenyewe nilimwonea huruma. Video ikafutwa, ya huko angalau. Zilizokwisha kusambaa, nani atazikusanya? Halafu akaenda jikoni, akachukua sufuria yangu ya wali, tupu, akaiweka mezani, akaitia simu yake ndani. Akaniangalia.

Kabla ya kuitia yangu nilimwandikia Greg. Video haionyeshwi na mimi siizungumzii. Kipindi bado nakitaka. Nikaituma, nikaitia simu sufuriani, Mama Aisha akafunika kifuniko. Tukavua mitandio, tukala mkate. Aliniomba radhi kati ya kipande na kipande, macho chini, nami nikampa. Posa ya binti wa pili nimekubali pia, kwa sharti kwamba sufuria nailinda mimi.

Amechukua simu yake, ameondoka kuwahi Magharibi. Yangu nimeiacha humo, naandika haya kwa kompyuta. Sasa hivi imetetemeka na sufuria nzima ikalia. Huenda ni Greg. Nakitaka kipindi kile, Mungu anajua ninavyokitaka, na mikono yangu naizuia isiguse kifuniko.

Kesho asubuhi, nikishajifunga mtandio wangu, nitafunua.