Kozi ya Kuongea na Majirani

Jumatatu, 4 Machi. Musoma

Somo la asubuhi: namna ya kumwambia mgeni hapana bila kumfukuza. Somo la mchana ni lile lile, maana asubuhi hawakuelewa. Koo limekauka. Vumbi la chaki mpaka kwenye nywele.

Wanafunzi wangu ni makatibu tarafa, mabwana afya, na daktari wa mifugo wa Butiama ambaye nadhani aliitwa kimakosa. Wizara imenituma niwafundishe kukaa meza moja na nchi nyingine wakati wa maradhi. Wanaoleta chanjo. Wanaoleta maziwa ya unga. Na wenzetu wa Kenya, tunaochangia nao ziwa. Nimeshafundisha haya mikoa mingine. Kila mahali wanapiga makofi siku ya mwisho, kisha wanarudi makwao vile vile walivyokuja.

Nimechoka. Sina zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Leo maigizo. Nusu wageni, nusu sisi. Waliokuwa wageni walifurahi mno, wakanyoosha miguu na kuongea puani. Waliokuwa sisi waliomba. Waliomba tu, mpaka nikaona aibu. Nikawasimamisha. Nikawaambia hata anayeleta msaada ana kitu anachokitaka. Mkikijua, hamtapiga magoti.

Aliyenielewa ni mmoja, Wambura, bwana afya wa Bunda. Mrefu, mpole, mtoto wa mkulima wa pamba. Yeye hakuomba. Aliuliza maswali, moja baada ya jingine, na yule "mgeni" wake akakunja miguu mwenyewe.

Nilifurahi kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 8 Machi

Wambura hakuwepo darasani. Aliitwa kwake Bunda, kwenye kijiji kipya cha ujamaa kando ya ziwa. Watu wamehamishiwa pale, visima bado havijachimbwa. Wanakunywa ya ziwani.

Amerudi jioni, buti zimejaa chokaa. Alinisimulia tumesimama nje ya ofisi. Kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kutapika. Mtu mzima anaamka mzima, jioni amekauka. Hakutaja jina la ugonjwa. Mimi nami sikulitaja. Tunalijua wote wawili. Kipindupindu.

Jumamosi, 9 Machi

Kisiwani Rukuba nako umeingia. Wakenya wamefunga mialo yao yote, mitumbwi ya kwetu inafukuzwa kabla haijagusa mchanga. Wavuvi wa Rukuba waliokuwa kule kuuza dagaa wamezuiwa. Hawajui watarudi lini.

Nilipaswa kusahihisha majaribio. Sikusahihisha.

Jumapili, 10 Machi. Rukuba

Nimekwenda na Wambura kwa boti ya serikali. Dagaa wameoza juu ya mchanga, hakuna wa kuwageuza. Wagonjwa wamelazwa kwenye banda la nyavu. Mganga msaidizi mmoja, macho mekundu, dripu zimekwisha. Musoma nako zimebaki kidogo. Za karibu ziko ng'ambo ya mpaka.

Anayewahudumia ni Nyanjura, mchoma samaki. Ananywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mgonjwa mmoja mmoja, hachoki. Mume wake ni mmoja wa waliozuiwa Kenya. Alinipa kigoda chake nikae. Nikakikataa, akakasirika, nikakaa.

"Nyie si ndio mnasomeshwa kuongea na wale watu?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi muongee. Sisi tulikuwaga tunakwenda kule kama kwa shemeji. Leo wanatuogopa kama fisi."

 Boti iliporudi nililala nimekaa.

Jumatatu, 11 Machi. Musoma

Mkuu wetu wa hapa mkoani ameniita. Wakenya wamekubali kuja kuzungumza, Alhamisi. Wambura ndiye atakayesema, amesifiwa. Niwe nimemwandaa. Ila agizo ni moja: ugonjwa uitwe kuharisha kwa msimu.

Ana sababu zake, si mjinga. Kuna wageni wa nje wanakuja kuangalia vijiji vya ujamaa, wapite na Butiama. Jina likisikika watageuza. Samaki hawatanunuliwa. Walioipinga ile kazi ya kuhamisha watu watasema si tuliwaambia.

Nikamwambia hawatatupa dripu kwa kuharisha kwa msimu. Wala hawatafungua mialo.

"Mwalimu, wewe utarudi zako Dar," akasema. "Mimi nabaki hapa."

Ni kweli. Nilimchukia, na ni kweli.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwandaa Wambura kusema uongo kwa adabu. Ndiyo kazi yangu ya leo. Sauti ishuke wapi, macho yatazame wapi. Darasa zima linaandika. Kisha Nyamhanga, yule daktari wa mifugo, akanyanyua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Ng'ombe wakiugua, sisi tunafunga mnada siku hiyo hiyo na kuwaambia jirani. Hakuna mkubwa anayeona aibu. Kwa nini mtu akiugua ndiyo tufunge midomo?"

Hakuna aliyecheka. Nikawaruhusu waende kunywa chai.

Wambura akabaki. Akauliza, "Dada, niseme nini?" Mara ya kwanza kuniita dada.  Niliifikiria kazi yangu, miaka niliyoitumikia. Kisha nikamwambia: sema ulichokiona. Wakikuuliza, waambie nimekuagiza mimi.

"Hapana," akasema. "Mdomo ni wangu."

Naogopa. 

Alhamisi, 14 Machi

Wamekuja watatu. Anayewaongoza ni daktari mwembamba, suti ya kijivu, hatabasamu. Mkuu wetu kichwani pa meza. Mimi nyuma, kwenye benchi la ukutani.

Salamu zikawa ndefu. Habari za safari, habari za mvua, udugu wa nchi hizi. Yule daktari akauliza kwa upole kuna nini Rukuba. Mkuu wetu akamtazama Wambura.

Wambura akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. "Kuna kipindupindu," akasema. "Rukuba, na kijiji kimoja cha kwetu Bunda. Nimewaona wagonjwa kwa macho yangu. Nimezika pia. Tunahitaji dripu, na watu wetu mliowazuia. Na sisi tutawaambia kila mtumbwi unaotoka kwetu, na umebeba nani, kabla haujafika kwenu."

Mkuu wetu akaweka kalamu chini. Nilisikia ilivyogonga meza.

Nikadhani yule daktari atanyanyuka aondoke. Akavua miwani. Akafuta uso kwa kiganja.

"Na sisi tunacho," akasema. "Wodi imejaa. Niliambiwa nisiseme."

Wenzake wawili wakatazama chini. Mmoja akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, na Wambura akacheka naye, wakashindwa kuacha. Ndipo wakaanza kuzungumza kweli. Kila mmoja ana nini, na amekosa nini. Wao wana dripu, hawana chokaa wala klorini. Sisi tunazo. Wavuvi waachiwe baada ya kuchunguzwa.

 Mkuu wetu alipeana mikono na wote ila Wambura.

Ijumaa, 15 Machi

Dripu zimefika kwa boti ya wenzetu, zikaenda Rukuba moja kwa moja. Darasa zima tulishusha klorini hadi kwenye boti yao, Nyamhanga amekunja suruali magotini. Mabega yananiuma. Maumivu mazuri.

Jumamosi, 16 Machi

Wavuvi wamerudi. Mume wa Nyanjura alikuwemo.

Nyanjura alianza kuugua Jumanne. Akafariki Jumatano. Siku moja kabla ya kikao.

Nimeandika mistari kadhaa hapa, nimeifuta.

Jumatatu, 18 Machi

Wambura amehamishwa kwenda kusini, mbali, mahali ambapo hakuna ziwa wala mpaka. Aondoke wiki hii. Kozi yangu imefungwa kabla ya wakati, hakuna maelezo. Wageni wa nje waliambiwa, na bado walikuja. Walipita Butiama, wakaondoka.

Nilikwenda kumwona mkuu. Nikasema, kama kuna kosa, ni la kozi. Akaniangalia kama mtu ambaye naye hajalala.

"Alisema kweli, najua. Lakini hakuniomba ruhusa," akasema. Basi.

Jumatano, 20 Machi. Bunda

Nimemsindikiza Wambura kwenye basi. Mke wake, magodoro, kuku wawili kwenye kikapu. Nikamwambia pole. Akasema, "Usinipe pole, dada. Huko nako kuna watu wanaugua." Hakusema kwa ushujaa. Alisema kama mtu anayetaja kituo cha basi.

Niliwapungia mkono. Nikalia kidogo nyuma ya duka la Mwarabu, nikanunua soda, nikanywa.

Jumapili, 24 Machi. Suguti

Kwa mama. Nimelala mpaka jua limeingia ndani, hakuna aliyeniamsha. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika.

Tumepalilia mihogo pamoja. Mama ameuliza huko serikalini hasa ninafanyaga nini. Nikasema nafundisha watu kuongea. Akacheka mpaka akaegemea jembe. Nami nikacheka.

Mchana tumekula ugali na sato. Nyamhanga alipita na baiskeli akielekea Musoma, akakataa kukaa, akanywa maji ya kuchemsha akiwa amesimama. Anasema Rukuba hakuna mgonjwa mpya. Wameanza kuanika dagaa tena.

Mama anaosha vyombo. Kuna upepo. Nakwenda kumsaidia.