Siku Makumi Tatu za Muguu Moja

Jumatatu, 5 Septemba

Siku ya kwanza. Asubuhi nilimuvalisha Papa Sebarenzi muguu ya plastiki, ku kijiji ya Kibabi, mbele ya mulango yake. Ilishika vizuri. Alisimama, akaiangalia kama muntu aliyevaa kiatu ya mwingine, akatembea mpaka ku choo na kurudi. Mama watoto yake akacheka. Mimi nililia kidogo, nikasema ni vumbi.

Naandika hapa masharti, juu ile karatasi ya université imeanza kupasuka mu mufuko. Masomo nilishamaliza. Stage, ile mazoezi ya kazi, nilishamaliza. Inabaki mémoire, ile kazi ya mwisho ya kuandika, na mémoire ya bio-ingénierie bila majaribio haiko kitu: chombo nilichotengeneza mwenyewe, mugonjwa moja, jina moja, siku makumi tatu zinazofuatana bila kukatika, na hatua za kila siku. Tarehe tano Oktoba, saa sita, fichier ya nambari ikuwe kwa encadreur, mwalimu anayenisimamia. Hii njo mara yangu ya tatu. Mwaka ya kwanza, grève, masomo ikasimama. Mwaka ya pili mugonjwa wangu alikimbia pamoja na kijiji yake yote, akaenda na muguu, siku ya kumi na moja. Nikikosa tena, banafuta jina yangu ku liste. Miaka sita, kisha narudi Butembo kuuza sabuni mu duka ya baba.

Capteur iko ndani ya kifundo ya hiyo muguu, ndogo kama kifungo ya shati. Inahesabu hatua, inaandika na saa. Kila Ijumaa nitapanda Kibabi kusoma.

Mu Julai nilipima bantu mbili. Mwingine ni Mama Mukashema, mujane, jirani ya Sebarenzi. Bote balikatwa muguu ya kushoto, chini ya goti. Kisiki yake imekonda, ile kikombe ya plastiki inayoingia kisiki ingecheza. Mbele ya jina yake niliandika «hapana». Aliuliza kitu moja tu: na muguu hii, muntu anaweza kufika Walikale? Binti yake Claudette iko kule, miaka ine hawajaonana. Nilisema sijui.

Jumatano, 7 Septemba

Mvua. Chumba yangu iko nyuma ya duka ya Papa Mumbere, hapa Bihambwe. Ni mufanyabiashara wa kwetu, njo muntu pekee ninaongea naye kinande, na leo aliniambia maneno mbili: umeamuka? na: funga mulango. Bengine hapa banaongea kinyarwanda ao kihunde. Wakiniona, banageuza kwa kiswahili juu ya heshima, kisha bananyamaza.

Nilipika maharagwe mingi sana. Kama vile kuko muntu anakuja.

Ijumaa, 9 Septemba

Siku ya tano. Hatua 1,840 juzi, 2,112 jana. Papa Sebarenzi anafika mpaka ku shamba ya viazi! Kuko visi, parafujo moja, inalia ku kifundo, kwi-kwi, kwi-kwi. Nilitaka kuikaza, akakataza. «Acha, dada Kasoki. Mama watoto akisikia hiyo anajua niko nakuja, anaweka chai ku moto.»

Tulikunywa hiyo chai. Nilikaa mpaka Élie, muntu anayenileta na moto, pikipiki yake, akaanza kupiga klaksoni. Ilikuwa mazungumzo yangu ya kwanza ndefu tangu nifike. Najua muntu huyu anaamuka saa ngapi, anapumuzika saa ngapi, nazisoma hatua zake saa kwa saa. Naona naweza kumuita rafiki.

Ijumaa, 16 Septemba

Siku ya kumi na mbili. Maajabu. Jumapili, siku ya Mungu, hatua zilipanda mara mbili: kutoka saa kumi na mbili mpaka saa mbili, kisha tena saa ine mpaka saa sita. «Papa, ulisali mara mbili?» Alikohoa. Akasema Mungu amemufanyia mengi. Mama watoto yake akaingia ndani haraka kuangalia sufuria.

Ndani ya kikombe nilikuta kipande ya kitenge, imekunjwa vizuri, maua ya njano. Baridi, anasema. Sawa. Kibabi iko na baridi.

Jumamosi, 17 Septemba

Nilipanda kilima nyuma ya kanisa, kule réseau ya simu inapatikana, nikatuma nambari kwa encadreur. Jibu: «Excellent.» Neno moja, nimeisoma labda mara kumi. Nilipiga kwa mama, haikuingia. Nilipiga kwa Wivine, tulisoma naye darasa moja. Iko ku kazi, atanirudilia. Nilingoja mpaka jua ikaingia nyuma ya vilima.

Hakurudilia.

Alhamisi, 22 Septemba

Siku ya kumi na munane.

Leo soko ya Bihambwe. Niko nachagua nyanya, nasikia nyuma yangu – kwi-kwi. Ile visi ningeijua hata mu usingizi. Nikageuka kumusalimia Papa Sebarenzi. Haikuwa yeye. Ilikuwa Mama Mukashema, basini ya maharagwe ku kichwa, mikono haishike kitu, kitenge ya maua ya njano. Anapita katikati ya bantu, na muguu yangu.

Kitu ya kwanza niliyosikia ni furaha, naapa. Alikuwa anatembea vizuri kabisa, huyu niliyemuandikia «hapana». Kisha hesabu ikaingia mu kichwa: hatua za nani? Siku ngapi? Mama wa nyanya, naye wa Kibabi, aliona namna ninaangalia. Akasema Alhamisi njo zamu ya Mukashema. Aliisema kama jambo inayojulikana. Na iko inajulikana. Ni mimi peke yangu sikujua.

Ijumaa, 23 Septemba

Papa Sebarenzi hakuficha kitu. «Muguu inalala ku ukuta wakati mimi nimekaa. Jirani anaiona inalala. Ningemuambia nini?» Tangu siku ya tatu! Siku ya Mungu yeye anaenda misa ya kwanza, anarudi, Mukashema anajaza kitenge mu kikombe, anaenda nayo ku culte, ibada ya protestants. Alhamisi, soko.

Niliuliza juu ya nini hawakuniambia. Akasema: «Tuliona unafurahia zile nambari. Hatukutaka kukuharibia.»

Basi kijiji yote ilinihurumia, na hakuna muntu aliyeniambia. Hiyo njo inauma kuliko nambari. Nilifikiri niko na rafiki moja huku. Kumbe nilikuwa mugeni tu, muntu wa kuchungiwa maneno.

Nilimuelezea masharti. Mugonjwa moja, jina moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni nani alitunga hiyo. Université, nikasema. Sawa, akasema, atafungia muguu ndani ya chumba. Labda chai ilikuwepo. Sikungoja.

Kuanza upya haiwezekani, tarehe haitoshi. Nitanyamaza. Njo nilikata shauri hivyo.

Jumapili, 25 Septemba

Sijui nilipandia nini Kibabi leo, haiko siku ya kusoma. Ilikuwa saa ine. Nyimbo za culte zilisikika mpaka ku barabara. Mama Mukashema alikuwa amekaa ku mulango yake, magongo mbili pembeni, anaimba pamoja nao, sauti ya chini. Aliniona. «Karibu, mwanangu.»

Sikukaribia. Nilisema moto inaningojea. Élie alikuwa amelala juu ya moto yake.

Ijumaa, 30 Septemba

Siku ya makumi mbili na sita. Tangu wiki iliyopita nambari iko safi, hatua za muntu moja. Nilipaswa kufurahi.

Magaribi Mama Mukashema akafika hapa Bihambwe ku moto, nyuma ya Élie. Hakutaka kuingia. Alisema bila kuzunguka: Claudette alizaa juzi, alipoteza damu mingi, hana muntu wa kumushikia mutoto. Camion, lori ya Papa Mumbere, inaenda Walikale kesho asubuhi. Lakini ile barabara camion inakwama kila pahali, bantu banashuka kutembea mu matope, na magongo hawezi. Anaomba muguu. Na alikuja kuniomba mimi, hakumuomba Sebarenzi.

«Mama, inabaki siku ine. Ine tu. Kisha nitakupatia, hata mwaka muzima.»

Aliangalia magongo yake. «Ndiyo, mwanangu.» Bado ananiita mwanangu. Élie akageuza moto bila kuniangalia.

Chakula imebaki mu sahani.

Jumamosi, 1 Oktoba

Camion ilianza kunguruma mbele jua itoke. Kisha chini ya dirisha yangu: kwi-kwi, kwi-kwi. Pole pole, muntu anayejaribu asisikike. Kitanda yangu iko karibu na dirisha. Ningefungua. Ningesema neno moja, angerudisha, namujua. Nilibaki nimefumba macho mpaka sauti ya camion ikaisha kule juu. Sijui kama nilimuachilia, ao niliogopa tu uso wake.

Saa tatu Papa Sebarenzi akashuka ku moto na magongo yake ya zamani, akakaa ku mulango yangu. «Ni mimi nilimupatia. Usimukasirikie yeye.»

Nilimuuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Tulikula ile maharagwe ya jana.

Jumatatu, 3 Oktoba

Ku kilima. Nilimuandikia encadreur kwamba siku za mwisho hazitakuwepo. Ya zile wiki za kwanza, zenye hatua za bantu mbili, sikusema. Kwa mara ya kwanza alijibu haraka: nichukue moyenne, hesabu ya katikati ya zile siku zingine, nijaze, jury haiko Kibabi, bengi banafanya vile. Alinionea huruma, naona. Mbele ya kufika chini ya kilima, moyenne nilishaifanya mu kichwa: 2,304. Nambari nzuri.

Papa Mumbere hana habari ya camion. Simu haipite.

Jumanne, 4 Oktoba

Siku ya makumi tatu. Kesho saa sita.

Papa Sebarenzi amekuja tena. Hana sababu, anasema tu kwake kumekuwa kimya bila ile visi. Tulipanda kilima pamoja, yeye na magongo, mimi na ordinateur, kompyuta yangu. Tulipumuzika mara tano. Nilikuwa nimeshajaza zile siku ine. Inabaki kutuma.

Simu ikalia, nambari siijui. Mama Mukashema, ku simu ya muuguzi, Walikale. Balifika jana magaribi. Claudette ameanza kunywa uji. Mutoto ni mwanamuke. Namba yangu aliipata kwa Élie. Nilitafuta namna ya kuanza, hakuningoja. Alisema anajua nilimunyima na anajua juu ya nini, na camion ilikwama mara mbili, balitembea sana, na akaogopa ile kifungo ndogo isiingie matope, hatua zangu zipotee. Basi alizihesabu yeye mwenyewe. Kwa mudomo, njia yote.

«Elfu tatu mia moja na kumi na mbili, mwanangu. Kisha nikafika ku mulango, nikasikia mutoto analia, nikapoteza hesabu. Unisamehe.»

Réseau ikakatika.

Papa Sebarenzi akauliza anasema nini. Nilifuta zile siku ine, moja kwa moja.

Niko naandika hapa ku jiwe. Encadreur ametuma ujumbe mara mbili: fichier iko wapi? Fiche, fomu ya université, iko wazi mbele yangu. Kwa jina ya mugonjwa kuko mustari moja, mufupi. Nimeandika Sebarenzi. Nimeweka virgule, mukato ndogo. Papa Sebarenzi amesimama nyuma yangu na magongo yake, anaangalia juu ya bega yangu, anauliza kama nafasi itatosha.