Niliita, Sikuuliza

Alhamisi, Kilosa. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Nimerudi hosteli, nimeoga, nimekunywa chai.

Leo nusura niue mtu.

Nipo mwaka wa pili wa uuguzi, wiki ya tatu ya mazoezi katika wodi ya akina mama. Kanuni za kutoa dawa nimezikariri: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Kwenye mtihani niliziandika zote bila kufuta hata neno. Nilijiona mjanja kweli.

Kabla ya chakula cha mchana nilivuta insulini ya mama mmoja mwenye kisukari. Sista Fausta, mkuu wa wodi, alikagua bomba la sindano akasema sawa. Jina la mgonjwa lilikuwa juu ya faili, nimelishika mkononi. Lakini kwetu Mikumi mtu wa rika la mama yako humwiti kwa jina lake, unaona haya. Huyu wodi nzima wanamwita Mama Zuhura, ila sura yake sikuwa nimeishika bado. Basi nikasimama katikati ya vitanda.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba, mwanangu."

Aliyeitikia akapandisha mkono wa gauni mwenyewe. Nikachoma. Nikasaini.

Kama nusu saa baadaye akaingia mama mwingine, anachechemea, katoka kufungwa kidonda cha mguu. Akaketi kitanda cha dirishani, cha yule mwenye kisukari. "Nesi, sindano yangu ya kabla ya kula vipi leo? Umenisusa?"

Yule niliyemchoma alilazwa jana kwa malaria, katoka Rudewa. Hana kisukari. Tangu asubuhi alikuwa anatapika, hata uji haukukaa tumboni. Na kumbe mwanawe wa kwanza naye anaitwa Zuhura.

Sasa niseme lile ninaloliona aibu zaidi. Sikukimbia kusema. Nilisimama nikiwaza kwamba hakuna aliyeona, kwamba nikimpa soda yataisha kimyakimya. Nikawaza chuo, nikamuwaza baba anavyowatambia majirani kuwa binti yake ni nesi. Sijui nilisimama muda gani.

"Mwanangu, mbona natetemeka?" aliniuliza. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

Ndipo nikapiga kelele kumwita Sista.

Hakunigombeza, alikimbia. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Daktari akaitwa, mgonjwa akawekewa maji ya sukari kwenye mshipa, tukawa tunampima tena na tena. Kila kimashine cha sukari kilipokuwa kinahesabu, mimi nilikuwa siombi kitu kingine duniani ila namba ipande. Alasiri sukari ikatulia, akaomba uji.

Sista Fausta akanivuta pembeni. "Ulimuuliza jina?"

"Nilimwita, Sista."

"Sikukuuliza kama ulimwita."

Nimeandika taarifa ya kosa langu kwa mkono wangu, chuo kitaipata kesho. Wanaweza kunirudisha nyumbani.

Kabla sijatoka nilikwenda kitandani kwake nikamweleza kila kitu, nikamwomba radhi. Akasema, "Kumbe ile sindano haikuwa yangu." Basi, hakuongeza.

Nikamuuliza jina lake kamili.

"Si Mama Zuhura?"

"La kwako mwenyewe, mama."

Alilitaja taratibu, la kwake, la baba yake, la babu yake, kama mtu anayelitafuta alipoliweka. Hapa siliandiki, si langu kulitangaza. Ila silisahau tena.

Kesho asubuhi ana sindano yake ya malaria. Sista amesema nitamchoma mimi, yeye akiwa amesimama pembeni. Naogopa kuliko ninavyoogopa barua ya chuo. Leo alipandisha mkono wa gauni bila hata kuuliza ni sindano ya nini.

Kesho nikimuuliza jina, atanipa na mkono?