Seli Nyeupe Ulizozisoma Vibaya

Kwako Elia, uliyekuwa mchumba wangu,

Dada yako alinifuata shuleni wiki hii, akasubiri mpaka watoto walipotawanyika, ndipo akanipa salamu zako kutoka Singida. Anasema unaoa, na ungependa nikusamehe kwanza ili usimame madhabahuni ukiwa mwepesi. Nakujibu hadharani, kwa sababu hata wewe hukunisema faraghani.

Nianze na mazuri, isije ikasemwa nimeyasahau. Ulipokuwa ukisomea utabibu chuoni kule Chimwaga, uliniingiza maabara siku moja, ukajichoma kidole, ukapaka damu yako kwenye kioo na kuitia rangi. Nikainama kwenye hadubini. Niliona chembe nyekundu zimetapakaa, na katikati yake, moja moja, zile nyeupe, zimeshika rangi ya zambarau kama zabibu zilizoiva. Ukaniambia hizo ndizo askari wa mwili. Tulirudi mjini tukicheka, vumbi limetujaa mdomoni, na mimi nikajua nitaolewa nawe.

Wazee wako wakapeleka ng'ombe wa mahari kwa baba yangu, kijijini Chemba. Baba aliwapenda mno wale ng'ombe. Mmoja, jike mwenye baka jeupe usoni, alimpa jina langu.

Kisha nikawa nachoka ovyo, nikaja kwenye zahanati ulikokuwa umeajiriwa. Ulinitoa damu mwenyewe, mashine ikatoa picha kamili ya damu, hesabu ya chembe zote. Ukaisoma. Nikakuuliza kuna nini.

"Seli nyeupe ziko chini mno," ulisema. "Kinga yako imeshuka."

Hukunitazama usoni. Hukurudia kipimo. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kilikuwa hapo hapo kwenye kabati lako, majibu yake hutoka kabla chai haijapoa, na hukunipima. Ulichofanya ni kwenda kumwambia mama yako, naye akawaambia wenzake wa kwaya. Kufikia Jumapili, mtaa wetu mzima wa Kikuyu ulikuwa na habari zangu. Dada mmoja wa kwaya niliyezoea kuimba naye bega kwa bega alihamia safu ya nyuma. Mzazi mmoja alimwomba mwalimu mkuu amtoe mwanawe darasani kwangu. Simu yangu hukupokea tena.

Baada ya hapo wajomba zako walikuja Chemba kuwachukua tena ng'ombe wao. Nilikuwepo, Elia. Mama alisimama mlangoni na kanga mdomoni. Waliondoa miiba ya lango la zizi wenyewe, hawakumngoja baba, wakawaswaga wote mchana kweupe huku majirani wakitazama. Yule mwenye baka alikataa kutoka, wakamchapa. Baba alirudishia miiba langoni, vumbi likitulia. Akanigeukia, akasema, "Kama unaumwa, utaugulia nyumbani kwangu." Mimi nilikuwa nawaza namna ya kukulipa.

Nilikwenda hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa damu, mama mmoja mtaratibu. Alinipima virusi siku hiyo hiyo; sina. Akarudia kuhesabu seli mara kadhaa, akiacha majuma yapite katikati, na kila mara zilikuwa chini vilevile, hazishuki, hazipandi. Akazitazama kwa hadubini, zilikuwa nzima. Akanipapasa tumbo, akaniuliza kama nimekuwa nikipata majipu au homa za kila mara. Sikuwa nazo. Mwisho akaniambia nimlete mama yangu, naye akapimwa. Mama ana hesabu kama yangu, na amelima uwele maisha yake yote bila kulazwa.

Daktari alinieleza kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na hesabu ya chini namna hiyo, na ni wazima kabisa. Vile viwango vinavyochapwa pembeni ya majibu mara nyingi vilitokana na watu wa kwingine. "Hesabu moja si ugonjwa," alisema. "Inakwambia uliza zaidi." Uchovu wangu ulikuwa upungufu wa madini ya chuma, nikameza vidonge, ukaisha.

Habari hizo zikawafikia kwenu. Baba akatuma ujumbe kwamba tuna maneno ya kuzungumza kuhusu watoto, yaani mimi na wewe. Mlidhani mnaitwa kuanza upya, nami niliwaacha mdhani. Mama yako alikuja na kitenge kipya cha kumpa mama yangu. Wewe ulivaa lile shati nililokununulia.

Nilingoja mpaka wazee wamekaa na majirani wamejaa uani. Ndipo nikakutaka usimame ueleze seli nyeupe ni nini, kipimo kinasema nini, na nini hakisemi. Ulianza kwa Kiswahili cha ofisini. Nikakwambia useme kwa Kigogo, mama yako asije akadai hakuelewa. Nikakuuliza kama ulinipima virusi. Ukasema hapana. Nikakuuliza ni nani aliyekuruhusu kutoa siri ya mgonjwa. Mama yako alikuwa akikunja kile kitenge na kukikunjua.

"Basi, naomba turudiane," ulisema.

"Sikukuitia hilo," nilikujibu.

Wazee wakakutoza dume la faini kwa kunichafulia jina. Lilinunuliwa kwa jirani, likachinjwa pale pale, na nikala nyama yake nikikutazama, ukiwa umekaa na sahani usiyoigusa. Nataka ujue nilishiba. Barua ya malalamiko iliyokuondoa zahanati niliipeleka mimi pia, na kwa mkono wangu.

Watu huniambia kisasi hakina ladha. Walioniambia hawakuwahi kukimbiwa kanisani. Siku hizi naimba safu ya mbele, yule dada amerudi ubavuni kwangu, na kila anaponisalimu sauti yake hukwama. Napenda kuisikia ikikwama.

Kwa hiyo, Elia, oa. Huyo binti sina ugomvi naye. Akiugua, mpeleke kwa mtu mwingine. Lakini msamaha uliomtuma dada yako kuuchukua, arudi bila huo. Mchungaji wangu amenikumbusha kwamba kisasi ni cha Bwana. Nimemjibu kwamba sibishani naye. Kilichobaki namwachia Bwana.

Ni mimi,
uliyetaka kunioa, ukanizika mzima.