Makala Yako Imefutwa, Dada Mwajuma

Dada Mwajuma,

Kiti ulichokuwa ukikalia ukija kwetu, ukishafunga cherehani, bado kiko dirishani. Wakati wa msiba wako mama alitaka kukitoa nje watu wakalie. Nikamkatalia, akaninunia.

Nina habari ya kukuchekesha. Nilikuandika kwenye ile kamusi elezo yetu ya mtandaoni, tuliyokuwa tukiihariri pamoja. Niliandika kwamba ulikuwa fundi cherehani wa Gongo la Mboto, na kwamba ulijitolea kuandika maisha ya waimbaji na wanamichezo wa kike ambao hakuna aliyewajali. Hata ukali wako niliuweka, nikauita umakini. Kesho yake ikafutwa. Mhariri nisiyemjua alieleza kwa adabu kwamba hakuna gazeti wala kitabu kinachokutaja.

Nililia, dada. Kisha nikaanza kumwandikia maneno ya kumkomesha, na katikati ya hasira nikakusikia: "Mdogo wangu, mtu unayempenda usimwandike, bwana, utampamba tu." Ndivyo ulivyoniambia ulipoifuta makala ya kocha wangu wa netiboli, nami nikasusa ubwabwa wako mpaka ukapoa. Yule mhariri amefanya jambo ambalo ungelifanya wewe. Jibu langu sikulituma.

Lakini nina upweke, dada, sikufichi. Tulizoea mmoja anaandika, mwenzake anakagua. Sasa nikimaliza naigeuza kompyuta kuelekea kwenye kiti chako, halafu naona haya, naigeuza tena. Kwenye ukurasa wako wa mazungumzo, pale wahariri wenzetu walipokuwa wakikuachia ujumbe, watu walikuwa bado wanakuuliza maswali. Ilibidi niwaambie mimi.

Jana nilikwenda maktaba nikalipata gazeti la zamani linalosema yule mwimbaji wa Temeke alizaliwa wapi. Ni ile makala uliyoiacha njiani kwa kukosa uhakika. Nikaongeza sentensi moja na chanzo chake, nikahifadhi, nikafungua historia ya mabadiliko, orodha ya kila aliyeihariri makala, kule ambako wasomaji hawafiki. Jina langu liko juu, lako linafuata chini yake. Nilikaa nikiyatazama mpaka chai ikapoa.

Lala salama, dada yangu. Nakuahidi sitampamba mtu. Makala zako zote ulizoziacha njiani nitazimalizia, moja moja, bila haraka, maana kila nikihifadhi ninakaa tena karibu na wewe.

Mdogo wako,
Salma