Kofia Kumi za Kimya

Jumatatu, 3 Machi

Kuchaji kofia tena. Umeme umerudi saa nne, nikazichomeka zote ishirini kabla haujabadili mawazo. Kila mgonjwa anavaa yake nusu saa kwa siku, nyumbani, na Jumatatu huileta hapa kuchajiwa. Ndani kuna vibati viwili vinavyopitisha umeme kidogo sana kwenye paji la uso. Inasemekana huzuni nzito hupungua. Wafadhili wa Ulaya ndio wanaolipia utafiti, na mwisho wa mwezi wanakuja kuona. Wakiridhika, kituo chetu cha afya kitapata dawa na wauguzi wawili. Wasiporidhika, nitabaki mimi na ufagio.

Nimemwomba Dokta Mwamba kwa mara ya tatu: mume wangu naye apewe kofia. Amekataa. Ndugu wa wafanyakazi hawaruhusiwi. Kalonji ana mwaka wa pili ameketi jikoni anatazama friji. Fundi umeme wa kiwanda miaka thelathini. Wakamwambia kitengo kimefungwa, akarudi nyumbani, akaketi. Nikimsemesha anajibu "eyo", ndiyo. Basi. Nina hasira na kila mtu.

Jumatano, 5 Machi

Manung'uniko. Mama Bijou, muuza mikate ya mafuta sokoni, anasema kofia ya jirani yake inachoma kama siafu, yake haichomi hata kidogo. Nimemkumbusha karatasi aliyotia sahihi. Nusu ya kofia ni za kimya. Hazifanyi kitu, zipo kwa kulinganisha tu, na hakuna anayejua ni zipi, hata mimi sijui. Orodha anayo Dokta, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Amenitazama kwa huruma. Akauliza: nani asafirishe kofia tupu kutoka Ulaya? Kwa ndege? Ameondoka akiwa na hakika kwamba namficha jambo.

Jumatatu, 10 Machi

Kalonji amenyoa ndevu. Sikumwomba. Sijui niimbe au niogope.

Alhamisi, 13 Machi

Ameniuliza sabuni iko wapi. Sentensi nzima! Nilifurahi mpaka jioni. Kisha jirani akaniambia amemwona Mama Bijou akitoka kwetu asubuhi, mfuko mweusi mkononi, anatembea upesi upesi. Mimi nikiwa kazini.

Mwanamume wa miaka sitini na moja hanyoi ndevu bure.

Jumapili, 16 Machi

Misa. Mama Bijou alikaa mbele yangu. Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa natazama shingo yake. Ni shingo nzuri, nakubali. Kalonji aliimba. Mwaka na nusu hajafungua mdomo kanisani, leo anaimba. Alimwimbia nani?

Nyumbani nimekuta kitambaa changu cha meza kimeungua. Kitundu kidogo cheusi. Anasema ni sigara. Havuti sigara.

Jumanne, 18 Machi

Saa nne asubuhi nimesema naumwa kichwa, nikapanda teksi-basi hadi nyumbani. Nilikuja kupiga mtu. Kiatu nilikuwa nimeshakivua mlangoni.

Kwenye benchi langu wameketi wagonjwa wanne, kila mmoja na mfuko mweusi magotini. Mama Bijou wa kwanza. Ndani, Kalonji, miwani puani, chuma cha kulehemu mkononi, kofia imepasuliwa mezani kama kuku.

"Weye! Unafanya nini na makofia ya batu?"

"Ilikuwa ya kuharibika," akasema bila kuinua kichwa. "Fil, hii waya, haifike kwenye plaque, hii kibati. Mwenye alitengeneza hii alikuwa mulevi. Minye niliunga yote kumi. Sasa inachoma muzuri."

Yote kumi. Zile za kimya. Wale wa kwenye benchi walikuja kwa ukaguzi tu, anawapangia siku kama alivyokuwa akifanya kiwandani.

"Na juu ya nini hamukuniambia?"

"Tuliogopa, Mama Odette," akasema Mama Bijou. "Ni makofia ya benyewe. Ungesema ni siye tuliharibu."

Nikavaa kiatu changu.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwomba azikate tena zile waya. Kumi tu. Amenitazama kana kwamba nimemwambia aue mtu. Miaka thelathini hajaharibu kitu kizima. Kisha akanieleza habari za umeme unavyotoka bwawa la Mwadingusha mpaka kwenye swichi yetu ya taa, dakika arobaini bila kupumzika. Nilimwacha aseme. Nilikuwa nimeisahau sauti yake.

Sikumwambia kwamba zile kofia zilitakiwa kuwa kimya. Akijua ameharibu utafiti wetu, atarudi kukaa mbele ya friji, na safari hii hatainuka. Sitamwambia. Lakini kofia zina kumbukumbu ndani, na wafadhili watazisoma. Nimekwisha.

Jumatano, 26 Machi

Wamefika. Bibi mmoja mrefu na kompyuta yake, pamoja na Dokta. Wamesoma kofia moja moja. Zote ishirini zinapitisha umeme. Dokta akafungua bahasha, akasoma, akasoma tena, akaweka paji la uso juu ya meza. Hakuna tena cha kulinganisha. Utafiti umekufa. Akauliza ni nani aliyezigusa.

"Ni minye," nikasema. Hata kubadilisha balbu siwezi, naye anajua.

Ndipo Kalonji alipoingia. Shati jeupe, tai ya harusi yetu, na karatasi aliyochora waya zote kwa rula. Alisikia wageni wamefika, akaona ni heshima kuja kuwaeleza makosa ya kiwanda chao. Alieleza yote kwa Kifaransa cha mkutano. Akamalizia kwa kuahidi kwamba zikiharibika nyingine, wamletee tu, asione mtu haya.

Mimi nilikuwa namtazama Dokta. Nikatikisa kichwa, kidogo. Akanitazama, akaitazama ile tai. Kisha akasimama, akampa mkono.

"Aksanti, Papa. Ni kazi ya muzuri."

Bibi mrefu alifungua mdomo. Dokta akamwomba watoke nje kidogo, wazungumze kwenye gari.

Jumamosi, 12 Aprili

Barua imekuja. Fedha zinahamia mji mwingine. Hakuna wauguzi, hakuna dawa. Nimelia, kisha nikamtukana yule bibi ingawa hayupo. Kofia zote zimekusanywa. Mama Bijou aliibusu yake kabla ya kuirudisha.

Imebaki fomu ya mwisho ya utafiti. Chini kabisa kuna kisanduku: matokeo yasiyotarajiwa. Nimekitazama tangu chai ya asubuhi. Kalonji ameigeuza friji, amefungua mgongo wake, vipande vimejaa jikoni hakuna pa kukanyaga. Anasema inanguruma vibaya. Mwaka wa pili anaisikia.

Nimeandika: Mtu mmoja amepona. Hakuvaa kofia.

Kisha nikapeleka maziwa kwa jirani, yasiharibike.