Nani Anafuta Picha za Bosi

Shoga, pokea simu! Hupokei? Basi soma.

Si unaijua ile programu yangu ya kuchambua picha za hadubini, ninayoiendesha ndani ya kontena, kile kijichumba chake cha peke yake humo kwenye kompyuta? Leo ikajaa, ikagoma. Humo ndani nikaona folda ya picha za seli za bosi. Nikasema ah, hizi nakala tu, nifute zote nianze upya.

NAKALA TU!! Kumbe wiki jana mwenyewe niliunganisha kontena na folda halisi ya maabara. Ukifuta ndani, na nje zimefutika. Na lidude halikuuliza hata "una uhakika?"

Bosi, meza ya pili, akaanza kupiga kelele: "Jamani, mbona picha zangu zinapotea? Hii imeenda! Na hii!"

Unajua nilimjibu nini? "Subiri kidogo bosi, namalizia kusafisha hapa, nakuja kukusaidia."

Namalizia kusafisha!! Mimi!!

Na sampuli zenyewe tulishazitupa, hakuna cha kupiga picha tena.

Sasa bosi kaita mafundi, wamezima mtandao jengo zima, wanasaka kirusi.

Kirusi nimejifungia chooni, nakuandikia kwa bando langu.